Shikamoo ya Mpangaji

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Iitikie kimoyomoyo kama midomo haitaki, nami nitachukulia kuwa umeitikia. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima wa mwili, maana hali ya moyo wako najua si ya kuulizwa kwa mstari mmoja. Shemeji hajambo? Mgongo wake umeacha kumsumbua? Na ule mlango wenu wa jikoni unaolia kila ukifunguliwa, amepata muda wa kuutia mafuta, au bado anasema kesho? Mimi huku ni mzima. Nakula, nalala, naenda kazini, narudi. Nimekonda kidogo, lakini usifurahi sana, kwa kuwa nguo zangu bado zinanibana palepale zilipokuwa zinabana.

Barua hii nampa Mama aje nayo mkononi, kwa sababu simu yangu hupokei na ujumbe wangu najua hufungui. Mama amekataa katakata kunisemea. Amesema amechoka kuwa daraja la watoto wasiotaka kuonana, na kwamba ataiweka barua mezani, atakaa kwenye kile kiti chenu kinachoyumba, na hatainuka mpaka aone umeifungua. Unamjua, anaweza kukaa hapo mpaka kiti kivunjike. Sasa hivi anaosha vyombo vyangu huku akinung'unika kuwa hakunilea hivi, eti sufuria zangu zina masizi ya tangu uhuru. Kwa hiyo ukitaka kumwonea huruma mama yako, soma. Ukifika mwisho ukataka kuichana, ichane. Ninachoomba ni ufike mwisho.

Niseme mapema kilichonifanya nishike kalamu, nisije nikakuzungusha. Mama ameniambia kuwa una mimba. Usimkasirikie, hakuja kusema umbea. Alikaa ukingoni mwa kitanda changu bila hata kuvua viatu, akaniambia kuwa mimba imeshaonekana hata ukivaa lile gauni lako pana, na kwamba tangu uipate hujakanyaga kliniki hata mara moja. Amesema umeapa kuwa hakuna mwenye koti jeupe atakayekugusa tena. Umesema ule mkanda ndio uliomuua mtoto wako, na kwamba safari hii utajifungulia nyumbani, mlango ukiwa umefungwa. Shemeji amekubembeleza mpaka ameishiwa maneno. Wahenga walisema mficha uchi hazai, dada, nawe unajua walikuwa hawatanii.

Kisha Mama akaniuliza, mimi ninayefanya kazi ya mikanda hiyo, kama ni kweli. Akataka nimwambie macho kwa macho kama mkanda uliua mjukuu wake. Nilinyamaza, dada. Mimi, Redio, nilinyamaza, mpaka Mama akanishika paji la uso kuangalia kama nina homa. Jibu nilikuwa nalo, tena nilikuwa nimelipata siku chache tu kabla hajafika, lakini niliona si haki alisikie mtu mwingine kabla yako. Ndilo ninalokuandikia humu. Litakuuma. Limeniuma mimi kwanza.

Inabidi nianze na kazi yenyewe, kwa kuwa sijawahi kukueleza sawasawa. Nilipokuambia nimeipata ulicheka mpaka ukashika mbavu. Ulisema ajabu ya dunia ni hii, mtoto mliyempachika jina la Redio kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia, leo analipwa kwa kufunga mdomo na kusikiliza wenzake. Nilikasirika kidogo, halafu nikacheka na mimi, kwa sababu ulikuwa umesema kweli.

Chumba chetu kipo mwisho wa korido, baada ya stoo ya mashuka. Kimebandikwa sponji ukutani na darini, dirisha limezibwa, na chini ya mlango kuna kipande cha zulia ili kelele za vitoroli vya hospitali zisipenye. Tunakaa wawili, mimi na mkunga mmoja mstaafu. Jina lake halisi halitumiwi na mtu. Wote tunamwita Bibi Mdundo. Kila mmoja ana kompyuta yake na hedifoni kubwa za kufunika masikio. Tukiwa tumezivaa tunaongea kwa kupigana viwiko.

Ule mkanda uliouvaa ni kitambaa kilichoshonewa vinasa sauti vidogo kwa ndani. Hautoi umeme, hautoi miale, haupenyezi chochote tumboni. Unasikiliza tu, kama mtu aliyebandika sikio mlangoni. Kinachosikika kinaletwa kwetu, na sisi tunakisafisha. Ndivyo tunavyoita, kusafisha, kwa kuwa mkanda hauchagui. Unasikia tumbo likinguruma, unasikia kikohozi, viatu vya nesi, kitanda kikilia, na zaidi ya yote unamsikia mama mwenyewe, maana akina mama wakilazwa ubavu na kuambiwa watulie ndipo wanapopata hamu ya kuongea. Sisi tunachotakiwa kubakiza ni moyo wa mtoto peke yake. Mengine yote tunakata. Nimemkata mwanamke aliyemsema jirani yake kuanzia mwanzo hadi mwisho wa kipimo, na nakiri kwamba sehemu moja niliirudia ili nijue ule ugomvi wa kamba ya kuanikia nguo uliishaje. Nimekata wanaokoroma. Nimekata wanaomwomba Mungu. Kwenye maelekezo yetu, sauti ya mama imeandikwa kuwa ni kelele, na kelele huondolewa.

Bibi Mdundo ndiye aliyenifundisha kusikia. Yeye amezalisha watoto ambao sasa ni mababu. Aliniambia kuwa moyo wa mtoto mwenye afya, akiwa tumboni, hauendi kama saa ya ukutani. Unacheza. Unakimbia akishtuka, unapunguza mwendo akisinzia, mama akicheka unapanda tena. Ukiusikia unakwenda sawasawa, sawasawa, haupandi wala haushuki, hapo ndipo pa kuogopa, maana huyo mtoto anabana nguvu zake. Kondo la nyuma halimletei chakula na hewa ya kumtosha, kwa hiyo hana ya kuchezea. Mapigo ya namna hiyo tunayaita tambarare. Na utafiti wote huu, pamoja na madaktari wake na mikutano yao isiyoisha, swali lake lilikuwa hilo moja: je, mkanda rahisi wa kitambaa, kwenye kliniki isiyo na mashine kubwa, unaweza kuusikia huo utambarare mapema, wakati bado kuna la kufanya?

Mimi ndiye niliyekutia katika jambo hilo. Kliniki ya kwenu ilipochaguliwa nilikupigia simu mimi mwenyewe, nikakubembeleza, nikakwambia mkanda ni laini kuliko kanga. Hukutaka. Ulisema hutaki watu wasiokujua wasikie tumbo lako likilalamika njaa. Mwishowe ulikubali kwa ajili yangu, ili mdogo wako asionekane hana ndugu. Ulivaa mara mbili, mara ya kwanza tumbo likiwa bado dogo, na mara ya pili wiki chache kabla ya siku zako za kujifungua. Wakati huo ulikuwa unamwita mtoto Mpangaji, kwa kuwa alikuwa anahamisha vyombo usiku kucha na halipi kodi. Nilipenda sana jina hilo. Mpaka kazini nililisema, Bibi Mdundo akacheka mpaka hedifoni zikamdondoka.

Kilichofuata unakijua, sina haja ya kukusimulia. Nitasema tu sehemu yangu. Nilipofika kwako, umelala umegeukia ukuta, Mama amekaa miguuni kwako, wanawake wamejaa sebuleni wanaongea kwa sauti za chini. Sikuwa nimeingia vizuri chumbani ulipomwambia Mama amtoe yule wa mkanda. Hukutaja jina langu. Shemeji alinisindikiza hadi kituoni, akanibebea begi ambalo halikuwa na kitu, na njia nzima hakusema lolote ila kuniomba nikusamehe. Nilimwambia hakuna cha kusamehe. Nilipanda basi nikalia mpaka aliyekaa karibu yangu akahama kiti.

Tangu siku hiyo nilikuwa na hasira nawe, dada, lazima nikiri. Nilijiambia kuwa uchungu wa mwana aujuaye mzazi, sawa, lakini mkanda haukosi kusingiziwa na watu wasiojua. Nilikuona umekuwa kama wale wanaoogopa kupigwa picha. Nilijua mkanda hauwezi kumdhuru hata kunguni, nikajishikilia kwenye hilo, nikajiona mimi ndiye niliyeonewa. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, nilijisemea, atatulia tu. Kwa hiyo nami sikukutafuta kwa bidii. Nilipiga simu, hukupokea, nikaona nimemaliza wajibu.

Sasa nakuja kwenye lenyewe.

Kanda za sauti zinazotoka kwenye mikanda zinatufikia zikiwa na namba tu, hazina jina wala mahali. Zimechanganywa makusudi, ili masikio yetu yasijue ni ya nani wala mwisho wake ulikuwaje. Siku hiyo ilikuwa asubuhi ya kawaida. Bibi Mdundo alikuwa ametoka kufuata chai. Nilifungua namba iliyokuwa inafuata, na kabla sijakaa vizuri nikajua ni tambarare. Haukuwa moyo wa kutilia shaka. Ulikuwa unakwenda sawasawa, sawasawa, kwa haraka na bila kucheza hata kidogo. Nikaweka alama. Nikaanza kusafisha. Nikakata kikohozi, nikakata mlango.

Kisha mwanamke akaongea, na mkono wangu ukiwa tayari kwenye kitufe cha kukata nikakusikia wewe.

Ulikuwa unamuuliza Mpangaji mbona leo amenuna. Ulimuuliza kama amepata nyumba nzuri zaidi anataka kuhama. Ulimwambia tangu alfajiri hajakupiga teke hata moja, na kwamba si tabia yake. Ulikuwa unatania, lakini nakujua, dada, utani wako ukiwa na hofu ndani yake unapanda juu kidogo mwishoni, na huo ulipanda. Halafu ukamwambia nesi. Nilisikia ulivyomwambia, kwa adabu, kama mtu anayeogopa kusumbua, kwamba mtoto leo hachezi. Nesi akaja na kile kipembe chao cha kusikilizia tumbo, akaweka sikio kwa muda mfupi tu, akakuambia usiwe na wasiwasi, moyo unakwenda vizuri kabisa, unakwenda kama saa.

Kama saa, dada. Alikuwa anakusifia mtoto. Simlaumu, kwa kuwa kwa kipembe na muda aliokuwa nao, ndicho alichoweza kusikia.

Nesi akaondoka. Kisha ukamwambia Mpangaji basi, tusihangaike, mama yako mdogo yuko upande wa pili wa huu mkanda anatusikiliza, kama kuna kitu kibaya atatuambia.

Nilivua hedifoni. Nilizishika mikononi nikawa naziangalia, na zilikuwa bado zinapiga, kidogo kidogo, kwa mbali.

Upande wa pili wa mkanda hapakuwa na mtu. Hili ndilo jibu la swali la Mama. Sikujua kabisa kuwa unadhani nakusikiliza palepale, kama mtu aliyepiga simu. Kumbe nilikuambia nasikiliza mioyo ya watoto, na wewe ukaelewa kama binadamu yeyote angeelewa. Sikukuambia kuwa kanda zilikuwa hazifunguliwi mpaka akina mama wote wawe wameshajifungua. Huo ndio uliokuwa utaratibu. Wakati wewe umelala pale ukinisubiri nikuambie, sauti yako ilikuwa inaingia kwenye kompyuta iliyofungwa, ikakaa humo pamoja na za wenzako, na mimi nilikuwa kwenye chumba kilekile cha sponji nikisafisha za mwaka uliotangulia. Pengine siku hiyo hiyo ndiyo niliyokuwa narudia ugomvi wa kamba ya nguo.

Mkanda haukumuua mwanao. Ulisikia kuwa anadhoofika, ukahifadhi ulichosikia, na sisi hatukufungua kusikiliza. Ukitaka kukasirika una haki, lakini ukasirikie hicho.

Nilipaswa kuripoti kuwa nimetambua sauti ya ndugu na kuikabidhi kanda kwa mwingine, kwa hiyo nilikwenda kwa Daktari anayeongoza utafiti. Nilikwenda kwa shari, sikufichi. Nilisukuma mlango bila kubisha. Nilimuuliza, kwa sauti ambayo nadhani hata vitorolini ilisikika, inakuwaje watu wazima, wenye akili na vyeti ukutani, wanasikia mtoto anaishiwa nguvu halafu wanasubiri azaliwe ndipo wasikilize. Nilisema mengi mengine ambayo Mama akiyajua atanichapa na umri huu.

Hakunifukuza. Alinisikiliza hadi nikaishiwa pumzi. Kisha akaniambia kuwa wakati ule hakuna aliyekuwa anajua kama mkanda unasema kweli. Ungeweza kulia hatari pasipo hatari, na mama akapasuliwa bure, mtoto akatolewa kabla ya wakati wake na akafa kwa sababu ya kosa la mkanda. Ndiyo maana waliamua kusubiri kwanza, wajue. Akasema leo wanajua, na wamejua kwa sababu ya kanda kama yako. Nikamuuliza kama anataka nikuambie kwamba mtoto wako alikuwa somo. Akavua miwani.  Akasema hapana, asingethubutu, na kwamba katika kazi hii yote hajawahi kupata neno la kumwambia mama aliyetoa ulichotoa wewe, na kama unakubali angekuja mwenyewe kukaa mbele yako, hata bila neno. Akasema pia kuwa kanda ni mali yako na una haki ya kujua kilichomo. Kwa hiyo ninachokuandikia sijakiiba.

Bibi Mdundo nilimkuta mlangoni na vikombe viwili vya chai iliyokwisha kupoa.  Alinikumbatia na vikombe vyake hivyohivyo, chai ikanimwagikia mgongoni, tukabaki tumesimama.

Dada, kuna watu walikuambia kuwa ni uzembe, kwamba ulichelewa, kwamba mwanamke mwenye akili angejua. Nimesikia kuwa wewe mwenyewe unajiambia hivyo ukidhani hakuna anayekusikia. Mimi nimekusikia. Ulijua kabla ya nesi, kabla ya daktari, kabla yangu. Ulikwenda, ukasema, kwa mdomo wako, mtoto hachezi. Sauti yako ipo na haijakatwa. Siku yoyote mtu akikuambia ulizembea, mwambie aje kwangu.

Sasa nakuomba. Nenda kliniki. Siombi uvae mkanda. Ukiuchukia uchukie, nitauchukia pamoja nawe. Lakini Daktari ameniambia kuwa mama ambaye kondo la kwanza lilimwangusha anatakiwa kuangaliwa kwa karibu safari ya pili. Apimwe presha mara kwa mara, mtoto atazamwe kama anakua, na ikionekana hapati chakula cha kutosha wanaweza kumtoa mapema akiwa bado na nguvu. Hospitali kubwa ya kwenu wana mashine ya kumtazama. Siku hizi hata huo mkanda kwa atakayeutaka husikilizwa siku ileile, Bibi Mdundo akiwa amekaa na simu mkononi, na akisikia utambarare anapiga palepale. Wamebadilisha baada ya kujua walichojua. Wamechelewa kwako, na siwezi kukuambia neno la kuligeuza hilo.

Sitakuahidi mtoto, dada. Ningeweza kukuahidi, kama zamani nilivyokuahidi kuwa mkanda ni laini kuliko kanga, lakini nimekoma kuahidi vitu nisivyovijua. Ninachojua ni kwamba nyuma ya mlango uliofungwa hakuna atakayesikia kitu, kama vile hakuna aliyesikia mara ya kwanza. Nichukie ukitaka, miaka yote iliyobaki, ila nenda.

Jumamosi nitakuja. Sitapita mbele, kwa kuwa majirani zako wana macho ya kuhesabu watu. Nitazunguka nyuma, nisimame karibu na jikoni. Sitabisha. Ule mlango ukilia nitajua umenifungulia, tutakwenda wote hospitali, nitakaa kwenye benchi nje, sitaongea. Usipolia nitakaa kidogo nirudi, na Jumamosi nyingine nitakuja tena. Mwambie Shemeji asiutie mafuta kwanza.

Kuna jambo moja limebaki. Ulivaa mkanda mara mbili, na nilimwomba Daktari anipe na ile kanda ya kwanza. Nilitaka kujua tu kama kulikuwa na siku ambayo Mpangaji alikuwa mzima.

Ilikuwepo. Tumbo lako likiwa dogo bado. Nesi anafunga mkanda, wewe unacheka kwa kutekenywa, unasema mikono yake ni ya baridi. Halafu anaondoka, unabaki na mtoto. Unamwambia awe na adabu leo, asikuaibishe, kwa sababu mama yake mdogo yuko huko upande wa pili na masikio yake makubwa, anawasikiliza. Unamwambia huyo ndiye Redio, atamsikia akizaliwa mpaka atachoka. Kisha unamwambia mtoto mwenye adabu akifika mahali huanza na salamu, kwa hiyo ampigie mama yake mdogo shikamoo.

Na moyo wake ukapanda, dada. Nimesikiliza mioyo mingi na sijipi moyo wa bure, Bibi Mdundo naye amesikia. Ulikuwa unatembea tu, ukasikia sauti yako, ukakimbia, ukakimbia, kama mtoto aliyetumwa akaitikia kwa mbio, kisha ukapoa taratibu. Walikuambia usilie sana kwa kuwa hukumsikia hata sauti yake. Sauti yake ninayo. Sijaikata hata mahali pamoja, na yako ipo juu yake, hakuna kilichosafishwa. Ukitaka kumsikia nitakuja naye Jumamosi. Usipotaka atakaa kwangu mpaka utakapotaka.

Mama amemaliza vyombo na ameanza kukunja nguo zangu ambazo hazikuhitaji kukunjwa, maana yake anataka tuondoke, asikose basi. Msalimie sana Shemeji, mwambie lile begi lilikuwa tupu kweli na nilimwona akijifanya ni zito ili apate sababu ya kunisindikiza. Mpe pole ya mgongo. Mama mpe maji akifika, na umwambie ainuke kwenye hicho kiti. Na huyo mpangaji mpya, ambaye sijaruhusiwa kumjua, mwambie tu kwamba yupo mtu huku anamsikiliza, na safari hii ni kweli.

Yule wa kwanza aliniamkia, nami nikakaa muda wote huo bila kumwitikia. Acha niitikie sasa, umfikishie wewe unayejua alipolala.

Marahaba, mwanangu.

Ni mimi mdogo wako,
Redio